Kumfunza mtoto kuuliza "tunajuaje?" bila kumvunjia mwalimu heshima

Mtaala wa Umilisi (CBC) unaotumika katika shule za Kenya unataja ufikiriaji makinifu na utatuzi wa matatizo kati ya umilisi saba wa msingi, kwa hivyo si rahisi leo kumpata mwalimu Nairobi atakayekwambia waziwazi kwamba mtoto asiulize. Kinachokosekana ni muda. Kipindi cha gredi ya nne hadi ya sita ni dakika 35. Darasa likiwa na watoto 60, fungu la kila mmoja ni sekunde 35. Mwalimu anayekatiza swali si lazima awe mkali, ana mada ya kumaliza. Ndiyo maana nawashauri wazazi kazi hii ianzie nyumbani, swali lifike shuleni likiwa limeshaiva.

Wazazi wengi humwambia mtoto "usiamini kila unachoambiwa" kisha wakaishia hapo. Mtoto wa miaka kumi akipewa hilo peke yake huwa mbishi tu: anapinga kila kitu na hajui aanzie wapi kukagua. Kwanza ajue jambo aliloambiwa ni la aina gani, kwa sababu kila aina ina swali lake.

Mambo ya makubaliano hayahitaji vita. Sayari ni nane kwa kuwa wanaastronomia walipiga kura mwaka 2006 wakaiondoa Pluto kwenye orodha. Kitabu cha mtumba kinachosema tisa kilikuwa sawa kilipochapishwa. Hapa swali ni "nani walikubaliana, na lini?" Likijibiwa, mmemaliza. Tahajia ni hivyo hivyo.

Mambo ya kupimika ndiyo shule bora ya kuuliza, na ningetumia karibu nguvu zote huko. Chukua hili ambalo watoto wetu huambiwa tangu wadogo: kwa kuwa tuko karibu na ikweta, saa sita mchana jua huwa utosini na kivuli kiko chini ya miguu. Muulize mtoto, "Tungeonaje kama si kweli?" Mwache atafute njia mwenyewe, hata ikichukua siku mbili. Akikwama, mpe hii.

Tafuta mti mnyoofu wa mita moja, mpini wa mopu unafaa. Usimamishe kwenye kopo la rangi lililojaa mchanga, kiasi kwamba kutoka sakafuni hadi ncha ya juu iwe mita moja kamili. Uwe wima kabisa: ning'iniza uzi wenye jiwe kando yake, uangalie pande mbili. Kuanzia saa sita kasorobo hadi saa saba na robo, kila dakika 10, mtoto aweke alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli na kuandika saa na urefu. Wanaokaa kwenye ploti zilizobanana, kama mtaa wa Pipeline, watapata jua juu ya paa pale pa kuanikia nguo.

Katikati ya Agosti kivuli kifupi kuliko vyote kitakuwa kama sentimita 27, kimeelekea kusini. Rudieni likizo ya Desemba: kitakuwa kama sentimita 41, na safari hii kimeelekea kaskazini. Wala hakitakuwa kifupi zaidi saa sita kamili, bali karibu saa sita na nusu, kwa sababu saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki na Nairobi iko karibu nyuzi 37. Jua huwa utosini hapa mara mbili tu kwa mwaka, karibu na tarehe 17 Machi na 26 Septemba.

Mambo yanayoharibu: mti ukiinama nyuzi 5 tu kuelekea upande wa kivuli au upande wa pili, kipimo hupotoka kwa karibu sentimita 9. Dira ya simu hudanganywa na vyuma vilivyo ndani ya zege, basi msiitegemee. Mstari wa kivuli kifupi zaidi wenyewe unaonyesha kaskazini na kusini. Mawingu ya Julai na Agosti yatawapotezea siku kadhaa. Na kubwa kuliko yote ni mzazi asiyejizuia kutaja jibu mapema, maana mtoto ataanza kusogeza chaki ilingane na ulichosema.

Sasa shuleni. Asiulize katikati ya somo mbele ya wenzake. Aende mwishoni mwa kipindi na daftari lake, aseme: "Samahani mwalimu, naomba kuuliza. Tulisoma kwamba saa sita jua huwa utosini. Nimepima nikapata sentimita 27. Nimekosea wapi?" Hilo la mwisho aliseme kwa dhati, kwa sababu mara nyingi amekosea kweli na mwalimu ataona palipopinda. Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini kejeli haijaisha, na mtoto aliyechekwa mara moja hunyamaza muhula mzima. Akijibiwa vibaya, nenda wewe ukaongee na mwalimu faraghani. Usimseme mwalimu nyumbani mtoto akisikia.

Katika mtihani wa kuchagua jibu, achague lile lililofundishwa. Mashine ya kusahihisha haisomi daftari. Wako wanaoona huo ni unafiki. Mimi naona ni kujua umeulizwa nini.

Historia ni ngumu zaidi kwa sababu haipimwi kwa rula. Mtoto akisoma kwamba Nairobi ilikuwa kinamasi kitupu hadi reli ilipofika mwaka 1899, maswali ni mawili: aliyeandika alikuwa nani, na nani hakuulizwa? Wamaasai walinywesha mifugo yao hapo kabla ya reli. Mpeleke Makavazi ya Reli aone upande wa waliojenga, kisha awahoji wazee wawili, kila mmoja peke yake. Asianze na "Si ni kweli kwamba…?" bali "Babu, uliambiwa nini kuhusu hapa kabla ya reli?" Majibu ayaandike kwa safu mbili, na palipotofautiana apigie mstari bila kuchagua mshindi. Jambo moja kwa wiki linatosha. Mkizidisha, litageuka kuwa kazi nyingine ya ziada, na hizo wanazo tele.