Jembe lenye kutu si lazima liwe la Mjerumani

Wapo wanaosaka hazina inayodaiwa kufukiwa na Wajerumani waliokimbia Vita vya Kwanza vya Dunia, na husaka kwa ditekta, mashine ya kutambua chuma ardhini. Ditekta hulilia kila chuma: kizibo cha soda, msumari, pauro bovu. Likifukuliwa jembe au shoka, hapo ndipo maneno huanza.

"Kutu nene, basi ni la kale." Kutu hutegemea udongo kuliko miaka. Jembe lililotupwa juzijuzi kwenye mchanga wa chumvi pwani huweza kuwa limeliwa kuliko la enzi za babu lililolala pakavu Dodoma.

"Limefuliwa kwa mkono, hivyo ni la mababu." Anza na mpini. Majembe ya wahunzi wa Kirongo, Uzinza, kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, yaliyofika hadi Unyamwezi na kutolewa mahari, yalikuwa na mkia uliochongoka, ukapigiliwa kwenye kichwa kinene cha mpini. La kiwandani mara nyingi tundu liko kwenye chuma chenyewe. Ila mkia peke yake hautoshi, kwa sababu wahunzi wengi baadaye walifua majembe kwa springi za magari. Tazama palipoliwa: chuma cha tanuru la udongo kina mabaki ya mavi ya chuma, yaani taka za kuyeyushia, ndani yake, na kutu hukichana nyuzinyuzi kama gogo lililooza. Springi haina nyuzi hizo.

"Lina mhuri wa Made in Germany, kwa hiyo hazina iko chini." Hii ndiyo inayowamaliza watu fedha. Mtindo wa kugonga maneno hayo ulienezwa na sheria ya alama za bidhaa ya Uingereza ya 1887. Mhuri unakwambia shoka lilitoka kiwandani likauzwa, haukwambii aliyelifukia. Na askari anayekimbia vita, aache shoka liwe alama ya dhahabu yake?

"Lisugue ling'ae upate bei." Brashi ya waya na maji ya betri hula mhuri na alama za nyundo, yaani vitambulisho vyenyewe. Mswaki mkavu unatosha.

Ukikuta jembe pamoja na mkaa, mavi ya chuma na vipande vya mirija ya udongo ya mivuo, acha kuchimba. Umri wa tanuru za kale za Kagera, za takriban miaka 2,000, ulipimwa kwa mkaa wa namna hiyo, na mkaa ukishavurugwa, umri haupimiki tena. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kenya, sheria ya 2006 inahesabu vya kabla ya 1895. Kuvichimbua kunahitaji kibali.