Newgrange: kidirisha kinachopitisha jua la Desemba

Watu wengi wanaokosa kuingia Newgrange, kaburi la kale la Ayalandi lililofunikwa na kilima, hukwama kwenye ramani ya simu. Kilima kiko upande wa kaskazini wa mto Boyne, kaunti ya Meath, kama kilomita 50 kutoka Dublin. Ukifuata jina hilo kwenye ramani unafika hadi getini, na pale getini hawauzi tikiti. Tafuta kituo cha wageni cha Brú na Bóinne, upande wa kusini wa mto, karibu na kijiji cha Donore. Unaanzia hapo, unavuka daraja la miguu, kisha basi dogo la kituo linakupeleka kwa saa uliyopangiwa. Kata tikiti mtandaoni mapema, na usome vizuri unacholipia: kuna ya kuingia ndani, na kuna ya kuzunguka nje tu. Za ndani ndizo zinazoisha haraka, kwa sababu chumba ni kidogo na watu huingizwa kwa makundi madogo.

Kaburi hili lilijengwa yapata mwaka 3200 KK, kabla ya piramidi za Giza. Upana wake ni kama mita 85, na limezungukwa na mawe 97 makubwa yaliyolazwa chini. Jiwe la mlangoni simama ulitazame taratibu: mistari yake inajikunja kama gamba la konokono, nayo imechongwa kwa jiwe juu ya jiwe, maana chuma kilikuwa bado hakijajulikana.

Ukiinua macho juu ya mlango utaona kidirisha cha mawe. Hicho ndicho roho ya jengo lote. Njia ya kuingilia ina urefu wa mita 19, na sakafu yake inapanda polepole, kiasi kwamba sakafu ya chumba cha ndani inakaribia usawa wa kidirisha. Kwa hiyo mwanga unaopita mlangoni unaishia njiani, haufiki. Unaofika chumbani ni ule wa kidirisha, tena katika siku chache tu zinazozunguka Desemba 21, muda mfupi kabla ya saa tatu asubuhi, kwa takriban dakika 17. Michael J. O'Kelly, aliyeongoza uchimbaji wa hapa kuanzia 1962, aliushuhudia mwaka 1967. Nafasi za asubuhi hizo hutolewa kwa bahati nasibu, na wingu likitanda hata mshindi haoni kitu. Siku nyingine kiongozi wa watalii huzima taa, kisha huwasha moja inayoiga mwanga ule. Usiidharau, mpango wa jengo unauelewa papo hapo.

Ndani, tazama dari. Mawe yamepangwa kila safu ikitokeza kidogo kuliko ya chini yake, hadi yakakutana kama mita 6 juu, bila saruji. Paa la njia lilizibwa nyufa kwa udongo uliochomwa na mchanga wa pwani, na juu ya baadhi ya mawe vilichongwa vijifereji vya kuondoa maji ya mvua. Ndiyo maana chumba ni kikavu hadi leo. Njia inabana mahali fulani na utainama. Mabegi huachwa nje, na kupiga picha ndani hakuruhusiwi. Anayeogopa sehemu finyu atosheke na nje.

Ukuta mweupe wa mbele ni wa miaka ya 1970, una zege na nondo nyuma yake. Mawe yake meupe, ya kwatzi, ni ya kale, yalitoka milima ya Wicklow, ila kama yalisimama wima hivyo bado wataalamu wanabishana. Nenda na Knowth, kaburi la jirani: huko mawe kama hayo yameachwa yametandazwa chini mbele ya mlango. Mimi naona hilo ndilo jibu la kweli zaidi, na michoro ya Knowth ni mingi kuliko ya Newgrange.

Ukiwa na gari, ongeza Monasterboice, magofu ya monasteri ya kale, kutazama msalaba wa mawe uliochongwa uitwao msalaba wa Muiredach. Gari huendeshwa kushoto kama kwetu. Wenye pasipoti za Kenya na Tanzania wakumbuke kwamba Ayalandi haimo Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na viza ya Uingereza haitoshi. Omba ya Ayalandi yenyewe kabla hujalipia tikiti yoyote.