Kung'arisha Meno kwa Daktari: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mtu anaketi kwenye kiti cha daktari wa meno, anafungua mdomo na kuonyesha jino moja la mbele lililoingia ukijivu. Anataka meno yote yang'ae, ila hilo ndilo linalomkera zaidi. Kabla ya kugusa jeli yoyote, daktari anayeijua kazi yake humuuliza: jino hili limewahi kugongwa? Mara nyingi limegongwa. Alianguka utotoni, au mpira ulimpiga usoni, maumivu yakaisha na yeye akasahau. Jino lililogongwa linaweza kufa kimyakimya: kiini chake chenye neva na damu kinaoza, damu iliyovuja inapenya kwenye kuta za ndani, na baada ya miaka jino linakuwa jeusi. Hilo halihitaji kupakwa dawa pamoja na wenzake. Linahitaji picha ya eksirei, pengine matibabu ya mzizi, na baadaye ling'arishwe kwa ndani, dawa ikifungiwa humo kwa siku kadhaa.

Naanza na jino hilo kwa sababu dhana inayoleta madhara kuliko zote ni ile inayosema kung'arisha meno ni urembo tu, na kwamba uchunguzi ni kupoteza muda. Meno hubadilika rangi kwa sababu nyingi, na kila sababu ina njia yake. Madoa ya chai, kahawa na tumbaku hukaa juu ya jino, tena mengine hutoka kwa kusafishwa ugaga tu. Wapo wanaojitazama kwenye kioo baada ya usafi huo na kuona hawahitaji kitu kingine. Jino lililotoboka ni habari tofauti. Dawa ikiingia kwenye tundu hufika kwenye kiini kwa nguvu zake zote, na mwenye jino ataipata joto ya jiwe. Fizi zinazotoka damu nazo hutibiwa kwanza.

"Dawa hukwangua jino." Hapana. Enameli, ile safu ngumu ya nje, hupitisha mwanga, na umanjano tunaouona hutoka zaidi kwenye dentini iliyo chini yake. Ndiyo maana kadiri umri unavyokwenda meno huzidi kuwa ya manjano hata kwa anayepiga mswaki bila kukosa: enameli inalika polepole, na dentini inaongezeka unene. Jeli ya daktari ina haidrojeni peroksaidi, au kabamaidi peroksaidi ambayo ikishaingia mdomoni hutoa haidrojeni peroksaidi hiyohiyo. Dawa hupenya ndani ya jino na kuzivunjavunja chembe zinazolipa rangi. Hakuna kinachokwanguliwa.

Kinachokwangua ni vile vitu vinavyosifiwa kuwa ni vya asili na havina madhara. Unga wa mkaa husugua enameli kama msasa. Limau ni asidi, na asidi huyeyusha enameli. Ile ganzi unayoisikia ukitafuna kitu kichachu si ya bure. Anayesugua meno kwa limau kila asubuhi anaweza kuyaona yamekuwa meupe kwa muda, lakini anapunguza safu ambayo ikishaondoka haioti tena, na siku dentini itakapojitokeza, meno yake yatakuwa ya manjano kuliko alivyoanza. Hili linaniuma sana, kwa sababu wanaofanya hivyo mara nyingi ni vijana wenye meno mazima kabisa.

Kuhusu taa ya buluu, ile ambayo kwenye matangazo huonekana kama ndiyo inayofanya kazi yote: kinachong'arisha ni jeli. Taa haijaonyesha faida ya kudumu kuliko jeli peke yake, na joto lake linaweza kuichokoza neva. Kuna jambo lingine ambalo mteja haambiwi. Mdomo ukikaa wazi kwa karibu saa nzima, meno hukauka, na jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Ukitazama kioo dakika ileile utafurahi mno. Siku moja au mbili baadaye, meno yakishalowa tena, rangi hurudi nyuma kidogo, na watu hudhani wametapeliwa au dawa imeisha nguvu. Hukumu rangi yako baada ya wiki mbili, si jioni ya siku hiyo.

Dawa ya kliniki huwa kali, mara nyingi asilimia 25 hadi 40 ya haidrojeni peroksaidi. Ikigusa ufizi, hapo hapo panageuka peupe kama karatasi na kuwasha. Kwa kawaida alama hiyo huisha baada ya saa kadhaa au siku chache, lakini haipaswi kutokea: fizi zinatakiwa kuzibwa kwa kinga maalumu kabla jeli haijafunguliwa. Ukiona mtu anapaka bila kuziba fizi, inuka uondoke. Hapa ndipo inapoanguka dhana kwamba yeyote mwenye mashine anaweza kufanya kazi hii. Umoja wa Ulaya, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2012, uliamua kwamba bidhaa za kung'arisha zenye zaidi ya asilimia 0.1 hadi asilimia 6 za haidrojeni peroksaidi ziuzwe kwa madaktari wa meno tu, na zisitumiwe kwa walio chini ya miaka 18. Zinazozidi asilimia 6 haziruhusiwi kuuzwa huko kabisa.

Wengine huamini kwamba dawa kali ndiyo bora. Kuna njia ya taratibu, iliyoelezwa na madaktari wa meno mwaka 1989: daktari anachukua umbo la meno yako, anakutengenezea kifuniko laini cha plastiki kinachoyakaa sawasawa, nawe unakivaa nyumbani usiku kikiwa na tone dogo la kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, ambayo ni sawa na takriban asilimia 3.5 ya haidrojeni peroksaidi. Huchukua wiki mbili au zaidi, na weupe wake mwishoni haupungui ule wa kliniki. Kama huna haraka, mimi ningekushauri uchague hii.

Je, meno yakiuma yameharibika? Peroksaidi hufika kwenye kiini ndani ya dakika chache, hivyo kushtuka kwa baridi, au kuchomwa ghafla kama cheche, ni jambo la kawaida, na huisha baada ya siku chache. Dawa ya mswaki yenye potasiamu naitreti ikitumiwa tangu wiki mbili kabla husaidia. Ukishindwa kuvumilia, ruka siku moja au mbili. Maumivu yanayokuja yenyewe usiku bila kuguswa na chochote ni ya kurudi kwa daktari.

Wajawazito na wanaonyonyesha husubiri. Hakuna dharura hapa.

Weupe haudumu milele. Kwa wengi hukaa mwaka mmoja hadi mitatu, na anayevuta sigara hukaa nao muda mfupi zaidi. Wala si kila meno huitikia sawa: ya manjano huitikia vizuri, ya kijivu kwa shida. Yaliyobadilishwa rangi na tetrasaiklini, dawa iliyotumiwa wakati meno yakiwa bado yanaumbika, yanaweza kuhitaji miezi. Yenye madoa ya floraidi yanaweza kwanza kuonekana na mabaka meupe zaidi kabla rangi haijatulia.

Mwisho ni jino lililozibwa na jino lililovalishwa kofia, yaani ganda la bandia linalolifunika. Zibo na kofia hazibadiliki rangi hata kidogo. Mwombe daktari ashike ile safu yake ya vijino vya kauri, yenye rangi 16 zilizopangwa kwa herufi A hadi D, aisogeze karibu na mdomo wako kabla ya kuanza, na mtazame pamoja rangi ya zibo lako la mbele. Jino la pembeni yake likipanda ngazi tatu, zibo litabaki palepale na kuonekana kama kiraka. Ndiyo maana hung'arishwa kwanza, husubiriwa wiki mbili ili rangi itulie na oksijeni iliyobaki ndani ya jino itoke, kwani huzuia zibo kushika vizuri, kisha zibo jipya huwekwa kwa rangi mpya. Ukiwa na kofia mpya ya jino la mbele inayotengenezwa sasa hivi, piga simu leo uombe isimamishwe.