Mbuzi wa mlengwa wa TASAF hana haja ya kufichwa

Kila unapokaribia uhakiki wa kaya zilizo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaosimamiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), dawati letu hupokea malalamiko ya aina mbili, na mara nyingi mlalamikaji ni mmoja. Kwanza, ruzuku imewafanya watu wavivu, wanashinda kijiweni wakingoja siku ya malipo. Pili, fulani ameezeka bati na ana mbuzi watatu, mbona bado yumo? Sasa huyo mvivu mbuzi kawapataje?

Tupige hesabu. Awamu ya kwanza ya mpango huo, ujira wa ajira za muda ulikuwa Sh2,300 kwa siku, siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Kaya iliyofanya kazi siku zote hizo ilipata Sh138,000. Sijakutana na mkulima aliyetupa jembe kwa sababu ya kiasi hicho. Tena watu walichimba malambo, walitengeneza barabara za vijijini na kupanda miti. Kazi hupangwa kipindi cha hari, shughuli za shamba zinapopungua, ili zisigongane na kilimo. Usipofika, siku hiyo hulipwi. Kumsainia jirani ambaye hakufika ni kughushi, hata kama ni shemeji yako.

Ruzuku ya masharti nayo ina utaratibu wake. Mwanafunzi anatakiwa kuhudhuria walau asilimia 80 ya siku za masomo, na mtoto wa chini ya miaka mitano apelekwe kliniki. Mwalimu na mhudumu wa afya hujaza fomu, fomu hurudi halmashauri, huingizwa kwenye mfumo, na malipo yanayofuata hutegemea kilichoandikwa humo. Asiyetimiza sharti hukatwa ruzuku hiyo. Mtendaji wa kijiji hana kitufe cha kumkata mtu, kwa hiyo tafadhali msimfuate nyumbani usiku. Wazee na kaya zisizo na mtu mwenye nguvu ya kufanya kazi hawapangiwi kazi kabisa, na kuwaita wavivu ni kukosa adabu.

Hili la uvivu limeshachunguzwa. Majaribio ya TASAF yaliyoanza kulipa mwaka 2010 yalihusisha vijiji 80 vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, nusu yake vikiwa vimechaguliwa kwa bahati nasibu kupata ruzuku. Walengwa waliongeza mbuzi na kuku, wakajiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, na wakawanunulia watoto viatu. Huko Siaya na Bomet nchini Kenya, ambako baadhi ya vijiji vilipewa fedha bila sharti lolote, watu hawakuacha kazi. Wengi walihama vibarua wakaanzisha biashara zao.

Kinachonisumbua mimi, na hapa nasema kwa tahadhari, ni kuficha. Mlengwa anapeleka mbuzi kwa dada yake siku ya dodoso, yaani siku kaya inapoulizwa maswali ya uhakiki, au anaacha bati ndani mwaka mzima bila kuezeka, akihofia kuondolewa. Hofu hiyo kwa sehemu tumeilea wenyewe, maana dodoso linauliza paa na mifugo, na hatujaeleza vya kutosha kwamba bati pekee halimtoi mtu. Majibu yote hupimwa kwa pamoja, kisha orodha hurudishwa kijijini. Kaya iliyoimarika huhitimu, yaani hutoka kwenye mpango, na kuhitimu si adhabu. Kutoa taarifa za uongo ndiko kunakoleta shida, na fedha iliyolipwa isivyo halali hudaiwa.

Mwenye pingamizi aanze na kamati ya usimamizi ya jamii, kisha mtendaji, kisha mratibu wa TASAF wa halmashauri. Lakini mahali hasa ni mkutano wa kijiji, majina yanaposomwa mbele ya wote. Safari iliyopita tulisoma orodha nzima, tukauliza mara mbili kama kuna asiyestahili, watu wakatazama chini. Wiki iliyofuata simu zikaanza.