Kambi za siri za wapigania uhuru: yanayosemwa Bagamoyo na ukweli wake

Mgeni akifika Bagamoyo hutembezwa Ngome Kongwe, Caravanserai, Boma la Mjerumani, misheni ya Wakatoliki ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar, kisha magofu ya Kaole. Ataondoka akiwa amesikia habari za watumwa na pembe za ndovu hadi zimtoshe. Habari za vijana wa Msumbiji walioishi hapa miaka ya 1960 na 1970, wakijiandaa kumng'oa Mreno, atazisikia kwa bahati tu, na zikimfikia huwa zimeshatiwa chumvi nyingi.

Zamani kulikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza. Vita vilikuwa vinapiganwa, na anayeropoka barazani angeweza kusababisha kifo cha mtu ng'ambo ya Ruvuma. Lakini Msumbiji imekuwa huru tangu mwaka 1975. Kuendelea kunyamaza hakumlindi mtu yeyote tena, na sisi wa hapa ndio tunaokosa historia yetu. Ndiyo maana nayaandika haya, nikianza na uvumi ninaoukuta mara nyingi kuliko mwingine wote.

"Mandela alipata mafunzo ya kijeshi hapa kwetu"

Wengine husema Bagamoyo, wengine Kongwa, huko Dodoma. Ukipanga miaka tu, hadithi hii haisimami. Mandela alitoroka Afrika Kusini mwanzoni mwa 1962, akaingia Tanganyika kupitia Mbeya, akakutana na Mwalimu Nyerere Dar es Salaam, kisha akaendelea na safari. Mafunzo ya kijeshi aliyapata kwa wapiganaji wa Algeria waliokuwa Morocco, na baadaye Kolfe, Addis Ababa, chini ya Kanali Tadesse Biru wa Ethiopia. Alirudi kwao na kukamatwa tarehe 5 Agosti 1962. Wakati huo Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa haijaundwa, kwani OAU yenyewe ilizaliwa Mei 1963, na kambi ya Kongwa ilifunguliwa 1964, Mandela akiwa tayari kifungoni. Kiongozi maarufu wa ANC, chama cha Mandela, aliyekula vumbi la Kongwa ni Chris Hani, na jina hilo la Chris si alilopewa alipozaliwa. Alizaliwa Martin Thembisile Hani. Wapiganaji wengi walijipa majina mapya ili ndugu zao waliobaki nyumbani wasisumbuliwe na polisi wa Makaburu.

"Bagamoyo ndiyo iliyokuwa kambi kuu ya jeshi"

Hapa najua nitawaudhi baadhi ya watu wa kwetu, maana fahari ya mji ina nguvu. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganisha vyama vitatu, UDENAMO, MANU na UNAMI, chini ya Dk. Eduardo Mondlane. Wapiganaji wake wa kwanza hawakufundishwa Tanganyika kabisa. Walipelekwa Algeria, nchi iliyokuwa imetoka kumshinda Mfaransa mwaka huohuo na yenye walimu wa vita vya msituni waliobobea. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, alikuwa miongoni mwa waliokwenda huko. Bagamoyo ilikuwa kituo cha mwanzo, mahali pa kuwaweka vijana pamoja huku mahali pa kudumu pakitafutwa.

Mahali hapo pakawa Kongwa, na mwaka uliofuata, 1965, Nachingwea. Kwa nini huko? Waingereza walikuwa wameacha nyuma mabaki ya mradi wao wa karanga, ule ulioanza mwaka 1947 na kufa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Kongwa na Nachingwea zote zilikuwa sehemu za mradi huo, kwa hiyo kulikuwa na majengo yaliyoachwa, barabara na ardhi iliyokwishafyekwa. Kongwa ipo katikati ya nchi, mbali na pwani. Nachingwea iko kusini, mahali ambapo mpiganaji akihitimu anaweza kushuka hadi Ruvuma. Bagamoyo iko ufukweni, mwendo mfupi tu kutoka Dar es Salaam iliyojaa balozi na mashushushu wa kila taifa. Kwa jeshi linalojificha, si mahali pa kujenga makao makuu.

Baadaye Bagamoyo ilipewa kazi nyingine, ambayo kwangu ina uzito kuliko kambi. Nitaifikia.

"Zilikuwa siri kubwa, adui hakujua zilipo"

Laiti ingekuwa hivyo. Vijiji vya mpakani mwetu, Mtwara na Ruvuma, vilionja mabomu ya Wareno kwa sababu Lisbon ilijua vizuri wapiganaji wanatokea wapi. Polisi wake wa siri, PIDE, walifanya kazi yao kwa njia za zamani na rahisi: kumnunua mtu, kumtisha, au kumkamata na kumgeuza. Mwaka 1969 Lázaro Nkavandame, kiongozi mkubwa wa FRELIMO kutoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, alivuka kwenda kwa Wareno. Mtu wa cheo chake hakwenda mikono mitupu. Alikwenda na yote aliyoyajua kuhusu njia, watu na mipango.

Kongwa nako hali ilikuwa hiyohiyo. SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, ilipata pigo kubwa kutoka ndani: mmoja wa makamanda wake wa juu kambini hapo alikamatwa na Makaburu, akageuzwa, kisha akarudi kwa wenzake akiwa jasusi wao. Wapiganaji waliolala naye hema moja hawakujua.

Na kuna tarehe 3 Februari 1969. Asubuhi ile Mondlane alichukua barua zake, akaenda kufanya kazi katika nyumba ya rafiki huko Oyster Bay, Dar es Salaam. Miongoni mwa vifurushi kulikuwa na kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa ndani likamuua papo hapo. Kidole kimeelekezwa kwa PIDE tangu siku ile. Kwangu mimi, tukio hili peke yake linatosha kuvunja dhana ya siri isiyopenyeka: adui alijua kiongozi anapokelea barua wapi.

Sasa kama adui alijua, aliyefichwa ni nani? Kwa sehemu kubwa ni sisi. Jirani wa kambi aliona vijana wanapita, akasikia lugha asiyoijua, akaambiwa asiulize. Hakuuliza. Watoto wake wakakua bila maelezo, wajukuu wakabuni ya kwao.

"Kambini ilikuwa bunduki tu, na wanaume tu"

Kuhusu wanaume, jibu ni fupi. Mwaka 1967 FRELIMO iliunda Kikosi cha Wanawake, na wasichana walifundishwa silaha Nachingwea kama kaka zao, kisha wakarudi Msumbiji kubeba zana, kulinda vijiji na kuhamasisha watu. Josina Machel, aliyekuwa mmoja wao na mke wa Samora, alifariki kwa ugonjwa Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na miaka 25. Siku hiyo ndiyo Siku ya Mwanamke wa Msumbiji hadi leo.

Kuhusu bunduki, hapa ndipo Bagamoyo inapoingia tena. Mwaka 1963 FRELIMO ilifungua Taasisi ya Msumbiji Dar es Salaam, ikisimamiwa na Janet Mondlane, mke wa rais wa chama, ili vijana waliokimbia wapate sekondari. Mreno alikuwa ameiacha nchi ile katika giza la kutosoma. Ilipopata uhuru, zaidi ya watu 9 katika kila 10 hawakujua kusoma wala kuandika. Taasisi ikaanza vizuri, halafu ikaingia mgogoro. Baadhi ya wanafunzi waliona wao ni wa kusoma, wa kupelekwa vyuo vya ng'ambo, na kwamba kwenda kupigana ni kazi ya wakulima wasiosoma. Uongozi ulisema hapana, msomi naye ataingia vitani. Machi 1968 vurugu zikalipuka na shule ikafungwa.

Ilipofunguliwa tena mwaka 1970, ilifunguliwa Bagamoyo. Hiyo ndiyo Shule ya Sekondari ya FRELIMO, na hiyo ndiyo sura ya Bagamoyo ninayotamani watembeza wageni wetu waijue. Mwanafunzi alisoma hesabu na sayansi, akashika jembe, akafanya na zamu za ulinzi, maana ubishi wa Dar es Salaam ulikuwa umefundisha chama kwamba kitabu na kazi visitenganishwe. Graça Simbine, ambaye baadaye aliolewa na Samora na miaka mingi baadaye na Mandela, alipita Nachingwea kwa mafunzo na akawa naibu mkuu wa shule hii ya Bagamoyo. Baada ya uhuru ndiye aliyekuwa Waziri wa Elimu wa kwanza wa Msumbiji. Kwa hiyo anayesema Bagamoyo ilikuwa "kambi ya siri ya kijeshi" anaipunguzia heshima. Hapa waliandaliwa watu wa kuendesha nchi ambayo ilikuwa haijazaliwa.

"Mchina alilipa kila kitu"

Hapana. Silaha zilitoka China na Urusi ya Kisovieti, na wakufunzi wa Kichina walikuwapo Nachingwea miaka ya mwanzo ya 1970. Lakini shule na hospitali zilisaidiwa pia na nchi kama Sweden, ambazo zilikuwa tayari kutoa fedha za vitabu na dawa huku zikikataa kutoa risasi. Misaada mingi ilipitia Kamati ya Ukombozi ya OAU, Dar es Salaam, ambayo Brigedia Hashim Mbita aliiongoza kwa miaka mingi hadi kazi ilipokwisha mwaka 1994. Tanzania ilitoa ardhi, ulinzi, bandari na jina lake. Nchi maskini ilijiweka kwenye shabaha ya jeshi la Ureno, mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi. Hilo halihesabiki kwa dola.

"Waliishi kama ndugu, hakukuwa na ubaya"

Dhana hii inatoka kwa watu wenye nia njema, na mimi pia ningependa iwe kweli. Lakini anayeheshimu wapiganaji awaheshimu kama binadamu. Baada ya kifo cha Mondlane, uongozi ulikaliwa na watu watatu, Uria Simango, Samora Machel na Marcelino dos Santos, na haukudumu. Simango alimshutumu Samora hadharani, akafukuzwa chamani. Miaka michache baadaye, mwaka 1975, uhuru ukiwa mlangoni, alijikuta Nachingwea tena, safari hii akiwa mfungwa. Mbele ya umati wa wapiganaji alilazimishwa kusoma maungamo ya usaliti wake. Hakuachiwa tena. Yeye na wenzake kadhaa waliuawa baadaye nchini Msumbiji bila kufikishwa mbele ya mahakama.

Jambo hilo lilifanyika katika ardhi yetu. Kulisema hakuwafanyi Wareno kuwa watu wema, wala hakufuti jasho la waliokufa wakipigania haki. Anayelificha ndiye anayeharibu, kwa sababu kijana akija kulisikia kwingine ataona kila alichoambiwa kilikuwa uongo.

"Msumbiji wenyewe wameshasahau"

Nenda Maputo, katikati ya mji wa chini karibu na bandari. Kuna mtaa ambao enzi za ukoloni uliitwa Rua Araújo, ukijulikana kwa mabaa na madanguro ya mabaharia. Baada ya uhuru ukapewa jina jipya: Rua de Bagamoyo. Mji huo una pia kitongoji kizima kinachoitwa Bagamoyo. Na Julai 2004, Joaquim Chissano, mtu aliyeishi Dar es Salaam miaka mingi kama ofisa wa FRELIMO kabla ya kuwa rais wa nchi yake, alisimama mbele ya wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa na kuhutubia kwa Kiswahili. Wakalimani walipata taabu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amejiandaa kwa lugha hiyo.