Unga mweupe kwenye risasi si kutu

"Zimeshika kutu." Ndivyo isemwavyo kila bastola iliyolala droo na risasi zake inapofunguliwa na vichwa vikakutwa na unga mweupe. Walinzi husema hivyo, wenye leseni husema hivyo, na baya zaidi huandikwa hivyo kwenye daftari la stoo ya silaha. Kutu ni ya chuma. Kichwa cha risasi kisichovikwa gamba, yaani koti la metali nyingine, hakina chuma cha kushika kutu.

Unga ule ni kabonati ya risasi: chumvi inayotokea metali ya risasi inapokutana na unyevu, kaboni dayoksaidi ya hewani na mvuke kidogo wa asidi. Maana yake ni hiyo tu. Na kwa kuwa jina la metali na la kinachopigwa ni moja, humu "risasi" ni kitu kizima kinachoingia kwenye silaha, "kichwa" ni kile kinachotoka mtutuni, "ganda" ni kikopo kinachobeba baruti nyuma ya kichwa, na metali itaitwa metali ya risasi.

Sasa tofauti yenyewe. Chuma kikilowa, maji na oksijeni hukigeuza kuwa oksidi ya kahawia, nyepesi, yenye vinyweleo, inayobanduka. Chini yake chuma kipya hubaki wazi, na ulaji unaendelea. Metali ya risasi ina tabia nyingine kabisa. Ikikatwa leo inang'aa. Muda si mrefu inafifia na kuwa ya kijivu. Kijivu hicho ni utando mwembamba wa oksidi ulioshikamana barabara na metali, na kazi yake ni kuilinda. Huko Ulaya kuna makanisa yaliyoezekwa kwa metali ya risasi ambayo mapaa yake yamekaa mamia ya miaka mvuani. Kwa hiyo anayesema risasi zake zimeharibika "kwa sababu ya unyevu wa ziwa" amesema nusu tu. Kalangala na Entebbe, kwenye Ziwa Victoria upande wa Uganda, kuna unyevu, ndiyo, lakini unyevu peke yake ni mvivu sana kwa metali hii.

Nusu ya pili ni asidi, na hasa asidi ya siki. Mbao hutoa mvuke wake polepole, na zikifungiwa kwenye droo au sanduku mvuke huo hauna pa kwenda. Silikoni ya kuzibia vioo, ile inayonuka siki inapokauka, huutoa kwa wingi. Asidi hiyo hutoboa utando wa kijivu na kuunda asetati ya risasi. Kaboni dayoksaidi huigeuza asetati kuwa kabonati, na asidi hubaki huru kuanza upya. Hapo ndipo penye siri: asidi haimaliziki kazini, hivyo mvuke mdogo sana hula kichwa kwa miaka. Waholanzi wa zamani walifanya jambo hilo makusudi ili kupata rangi nyeupe ya wachoraji. Waliweka mabamba ya metali ya risasi juu ya vyungu vya siki, wakavizika kwenye samadi iliyotoa joto na kaboni dayoksaidi, wakafunga chumba kwa majuma mengi, wakafungua na kukwangua unga. Ni unga huohuo unaoukuta bastolani. Makumbusho ya British Museum huko London hutumia udhaifu huohuo kupima vifaa vya makabati yao: kipande cha metali ya risasi hufungiwa pamoja na ubao au kitambaa kinachopimwa, kwenye nyuzi 60 za selsiasi kwa siku 28. Kikipata weupe, ubao huo hauingii kabatini.

Kwa nini risasi iliyoachwa ndani ya silaha iumie kuliko iliyo kwenye kasha lake? Kwa sababu ndani ya silaha metali tatu zimegusana: chuma cha chumba cha risasi au silinda, shaba ya ganda, na kichwa. Umande ukiingia kati yake, pamoja na chumvi ya jasho la mikono, inaundwa betri ndogo, na katika betri hiyo metali iliyo dhaifu ndiyo inayoliwa. Kichwa kikigusana na shaba, kinaliwa kichwa, ndiyo maana unga huanzia mara nyingi kwenye mdomo wa ganda. Kichwa kikigusana na chuma, kinaliwa chuma. Hivyo kutu ya kweli inaweza kuwepo, lakini iko ukutani mwa chumba, mahali ambapo mwenye silaha haangalii kwa sababu macho yake yako kwenye unga.

Rangi itakuambia metali gani inaumwa. Nyeupe na kavu ni kichwa cha risasi. Kijani au buluu ni shaba, na mfuko wa ngozi ndio chanzo cha kawaida, kwa kuwa ngozi iliyotengenezwa kwa tanini, dawa ya magome ya miti, ina asidi yake. Kahawia ni chuma. Na hapa wenye bunduki za AK wana haki ya kusema kutu: risasi zao nyingi, za kipimo cha 7.62×39, zina ganda la chuma lililopakwa vanishi na kichwa chenye gamba la chuma lililopakwa shaba kidogo tu. Vanishi ikikwaruzwa, kutu inaingia, kutu halisi.

Kuna pia weupe ambao si ugonjwa. Risasi ndogo za .22 vichwa vyake hupakwa nta, na nta ikizeeka hutoa ukungu mweupe. Ufute kwa kitambaa: ukitoka na kuacha kijivu laini, ilikuwa nta. Ukitoka na kuacha vishimo, ni kabonati. Usipulize na usisugue kwa msasa. Vumbi hilo ni sumu, na hata mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Mkanganyiko mwingine hutoka kwenye maneno "risasi za kutia kutu". Hizo ni za fataki (kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda) yenye klorati ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha chumvi mtutuni. Chumvi huvuta maji na mtutu hushika kutu. Hilo hutokea baada ya kupiga. Risasi hizohizo zinaweza kuwa safi kabisa ndani ya kasha.

Madhara ya unga si sura tu. Kabonati hujaza nafasi zaidi ya mara mbili ya metali iliyoizaa, kwa hiyo kichwa kinavimba. Kwenye bastola ya silinda, risasi hukwama ndani na silinda hugoma kuzunguka. Kwenye .22, ambayo kichwa chake ni kinene sawa na ganda, huweza kunata mwanzoni mwa mtutu. Ukivuta kutoa, ganda linakuja peke yake, baruti inamwagika, kichwa kinabaki. Aliyetoa ganda bila kulitazama huweka risasi nyingine nyuma yake, na mtutu uliozibwa huvimba au kupasuka. Kwa hiyo kila risasi iliyolala ndani ikitolewa, itazame mdomoni. Kichwa kikikosekana, silaha iende kwa fundi wa silaha ikiwa tupu.

Wengine huloweka risasi kwenye mafuta ya kulainisha ili "kuzuia kutu". Mafuta mepesi hupenya hadi kwenye fataki na kuiua, na kabonati hubaki palepale. Limau na siki ndiyo kabisa. Hiyo ni mbinu ya Waholanzi. Zenye vishimo hazisafishwi ili zipigwe, hukabidhiwa polisi waliotoa leseni. Zilizo nzima hukaa nje ya silaha, kwenye kopo la chuma au plastiki lenye kifuniko cha kubana na vifuko vya silika vilivyokaushwa, mbali na ubao na ngozi.

Na daftarini, badala ya "risasi 6, zina kutu", andika kilichoonekana: "risasi 6, unga mweupe kwenye vichwa, maganda safi, chumba cha risasi bado hakijakaguliwa." Anayepokea zamu atajua aanzie wapi.