Je, wajua kwa nini Bhutan humtoza mgeni dola 100 kwa kila usiku?

Ukitaka kuitembelea Bhutan, andaa ada ya serikali ya dola 100 kwa kila usiku utakaolala nchini. Hapo hujalipia hoteli, chakula wala ndege. Watoto wa miaka 6 hadi 12 hulipa nusu, na majirani kutoka India hulipa rupia 1,200 tu. Mwaka 2022 ada ilipanda hadi dola 200, ikashushwa mwaka uliofuata.

Wengi wakisikia husema hiyo ni tamaa. Mimi naona ndiyo sababu ya kwanza ya kwenda. Bhutan ni nchi ya Kibuddha iliyo katika milima ya Himalaya, kati ya India na China, yenye watu wasiofika laki nane. Tangu ilipowafungulia watalii mlango mwaka 1974, imechagua wageni wachache wanaolipa vizuri. Ada husaidia kugharamia matibabu na elimu ambayo raia hupata bure, pamoja na utunzaji wa misitu. Katiba yake ya 2008 imeagiza misitu ifunike angalau asilimia 60 ya nchi, daima.

Matunda yake utayaona mwenyewe. Katika bonde la Phobjikha nyaya za umeme zimefukiwa ardhini, ili korongo wenye shingo nyeusi wanaohamia huko majira ya baridi wasizigonge. Huko Paro, nyumba ya watawa ya Taktsang, iliyojengwa mwaka 1692, imeng'ang'ania jabali mita 900 hivi juu ya bonde. Waumini husimulia kwamba Guru Rinpoche, mwalimu mkuu wa Kibuddha, alifika hapo karne ya 8 akiwa amepanda chui milia jike aliyeruka angani. Iliungua mwaka 1998, ikajengwa upya. Unapanda kwa miguu, na kamera na simu unaziacha mlangoni.

Kinachonigusa zaidi ni Gangkhar Puensum, mlima wa mita 7,570. Sisi tumezoea kusikia watu wakipanda Kilimanjaro kila siku. Lakini kilele cha Gangkhar Puensum hakijawahi kukanyagwa na mtu. Waliojaribu miaka ya 1980 walishindwa. Mwaka 1994 serikali ilikataza kupanda milima inayozidi mita 6,000, na mwaka 2003 ikapiga marufuku upandaji wote wa vilele, kwa kuwa wenyeji huamini huko juu ni makao ya miungu.

Kuutazama unaruhusiwa. Simama Dochula, njia ya mlimani kwenye barabara ya kutoka mji mkuu Thimphu kwenda Punakha, penye stupa (minara midogo ya ibada ya Kibuddha) 108, asubuhi isiyo na mawingu.